Kuanza Mbio za Haidropleni Ndogo: Hatua kwa Hatua

Karibu kila anayenijia akitaka kuanza mbio za haidropleni ndogo, boti nyepesi zinazoruka juu ya maji, huuliza kwanza bei ya injini na kasi yake. Mimi humpeleka akaione saa ya kuanzia. Nusu ya mchezo huu iko katika dakika moja kabla ya mbio kuanza, na nusu iliyobaki ni kurudi ufukweni ukiwa mzima. Ukiyaweka mawili hayo kichwani tangu mwanzo, mengine yote utayajifunza taratibu.

Ninayoyaeleza hapa ni mbio za Marekani, hasa upande wa Seattle, jimbo la Washington. Huku mchezo huu ni wa familia za kawaida zinazovuta trela kwenda ziwani mwisho wa wiki. Mapenzi ya boti yalikolea zaidi mwaka 1950, pale haidropleni kubwa ya Stan Sayres iitwayo Slo-mo-shun IV ilipokimbia maili 160.323 kwa saa katika Ziwa Washington na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka huohuo ikashinda Gold Cup kule Detroit, na mwaka 1951 mashindano hayo yakaletwa Seattle. Zile kubwa ni za kutazama. Sisi tunazungumzia ndogo, zenye urefu wa mita 3 na kitu, mwili wa plaiwudi, na mashine ya kufungwa tezini, yaani nyuma.

Chombo chenyewe kinafanya kazi hivi. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ina miguu miwili ya kuelea, mmoja kulia na mmoja kushoto, tunayoiita sponsoni. Boti ikishika kasi, tumbo lote huinuka, ikabaki kugusa maji sehemu tatu tu: ncha za sponsoni mbili na propela nyuma. Hewa inayopita chini yake ndiyo inayoibeba. Kwa hiyo ni nyepesi na ina kasi kubwa kwa injini ndogo, na kwa sababu hiyohiyo inaweza kunyanyuka omo na kupinduka kinyumenyume. Aliyekulia Mwanza, Kisumu au Lamu anaijua mashine ya kuvuta kwa kamba. Kigeni kwake kitakuwa hiki chombo.

Hatua ya 1: Nenda ukasaidie kabla ya kununua

Chama kikuu cha mbio za boti Marekani ni American Power Boat Association, APBA, kilichoanzishwa mwaka 1903. Chini yake kuna klabu za maeneo. Huku kwetu ni Seattle Outboard Association. Tafuta klabu iliyo karibu nawe, nenda siku ya mbio, mwendee mtu mwenye boti na umwambie unataka kusaidia. Hakuna atakayekukataa. Mikono haitoshi kamwe siku hiyo.

Kazi utakayopewa ni kuiondosha boti ianze safari majini, na hapo utaona jambo ambalo wengi hawalijui: injini hizi hazina gia wala "niutro". Ikiwaka tu, propela inazunguka. Dereva anapiga magoti ndani, msaidizi amesimama majini ameinyanyua tezi mpaka propela itoke kabisa majini, dereva anavuta kamba, injini inanguruma, na msaidizi anaishusha tezi huku akiisukuma boti mbele. Yote huisha kwa sekunde chache. Simama ubavuni, shika pale utakapoonyeshwa, na usiipitishe miguu wala mikono nyuma ya injini hata kama imezimwa. Izoee kazi hii vizuri, maana siku yako ikifika utamhitaji mtu anayeijua kama unavyoijua wewe.

Hatua ya 2: Chagua daraja kwa umri na uzito wako

Madaraja ya kuanzia ni ya injini ambazo haziruhusiwi kubadilishwa, yaani zinabaki kama kanuni zinavyotaka. Hupewa herufi. J ni ya watoto wa miaka 9 hadi 15, na injini yao huwekwa kibati cha kubana pumzi ili isiende kasi mno. Kisha kuna A, B, C na D, kila moja na injini kubwa kuliko iliyotangulia. Watoto wa J huenda zaidi ya maili 40 kwa saa. C inavuka 60.

Mtu mzima asichague kwa kasi. Kila daraja lina uzito wa chini kwa boti, injini na dereva kwa pamoja, na washindi hupimwa kwenye mizani wakitoka majini. Aliye mwepesi huongeza vyuma vya uzito ndani ya boti ili afikie kiwango. Aliye mzito kupita kiwango hana cha kupunguza, na kila kilo ya ziada anaibeba kila mzunguko. Jipime ukiwa umevaa vifaa vyote, halafu ndipo uulize daraja. Kwa watu wazima wengi, C ndiyo inayofaa.

Injini nyingi za C ni Yamato, na historia yake naipenda sana. Zimetengenezwa kwa ajili ya kyotei, mbio za boti za Japani zenye kamari, zilizoanza Omura mwaka 1952. Kule kuna viwanja 24, na injini za kiwanja hubadilishwa zikiwa bado na uhai mwingi. Nyingi zilizotumika zikavuka bahari zikaja kwetu. Ni imara, hazina mambo mengi, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kuzifungua na kuzifunga.

Hatua ya 3: Nunua vifaa vya mwili kwanza

Usikopeshwe helmeti, na usinunue iliyotumika kwa mtu usiyemjua. Chukua inayofunika uso mzima, yenye alama ya usalama ya Snell, ya rangi kali kama chungwa ili uonekane ukiwa majini. Jaketi la kuokolea maisha liwe la mbio za boti, lenye kola ya kushikilia shingo na mikanda inayopita katikati ya mapaja. La kawaida la uvuvi litachomoka kupitia kichwani ukigonga maji kwa kasi. Chini yake unavaa nguo ya Kevlar isiyopasuka kirahisi, mikono hadi vifundo vya miguu, kwa sababu hatari kubwa ukianguka ni propela ya anayekufuata. Ongeza glavu na viatu.

Kisha kuna kamba ya kuzimia injini. Upande mmoja umefungwa kwako, mwingine kwenye swichi. Ukitoka ndani ya boti, injini inazima. Ijaribu kila unapoingia: washa, vuta, hakikisha imezima. Kila mara.

Hatua ya 4: Tafuta boti iliyotumika, uikague

Boti mpya ya mgeni ni fedha iliyopotea, kwa sababu mwaka wa kwanza utaigonga. Nunua iliyokimbia kwenye klabu hiyohiyo, ambayo watu wanaijua na wako tayari kukusaidia kuirekebisha. Igeuze tumbo juu. Kagua ncha za sponsoni, ndizo zinazopigwa na maji kuliko sehemu yoyote. Gonga ubao wa tezi unaoshika injini kwa kifundo cha kidole, inchi kwa inchi: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza hujibu kwa sauti nzito na butu. Ikiwa imeoza hapo, acha. Tazama pia pezi la chuma upande wa kushoto. Bila hilo boti haikati kona, inateleza tu pembeni.

Hatua ya 5: Jifunze kupiga magoti

Klabu hufanya shule za madereva, na hapo ndipo pa kuendesha mara ya kwanza. Hukai kitako. Unapiga magoti juu ya godoro dogo, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye leva ya mafuta. Leva ina springi: ukiibana boti inaenda, ukiiachia inapunguza. Mgeni akishtuka hubana zaidi, kwa hiyo jizoeze nyumbani kuachia. Mzazi mwenye mtoto wa J afanye mchezo huo naye sebuleni: ukipiga kofi, anaachia.

Mwili wako ndio breki na ndio usukani wa pili. Omo ikianza kunyanyuka kwa upepo, sogea mbele na upunguze mafuta kidogo. Usiachie yote kwa ghafla katikati ya kundi, aliye nyuma yako hakuoni kwa sababu ya maji unayomrushia. Mbio zote zinakwenda kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo kona zote ni za kushoto. Kabla ya kona egemea kushoto na mbele, ulilaze pezi majini, kisha zungusha usukani polepole. Ukiuzungusha kabla ya kuegemea, boti itakutupa kulia.

Marekebisho ya injini yaache kwanza. Urefu wa injini tezini hubadilishwa kwa vipande vyembamba vya kuiinua au kuishusha, na pembe yake huamua omo ibebwe juu kiasi gani. Badilisha kitu kimoja tu kila ukitoka, andika kwenye daftari pamoja na hali ya upepo na maji. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kilikusaidia.

Hatua ya 6: Saa

Mbio hizi hazianzi mkiwa mmesimama. Boti zote zinazunguka majini, ufukweni kuna saa kubwa inayohesabu dakika ya mwisho, na unatakiwa kuvuka mstari kwa kasi yote mshale unapofika sifuri. Ukiwahi, hata kwa pua ya boti, umeondolewa kwenye mzunguko huo wa mbio. Ukichelewa, unakula maji ya wenzako mpaka mwisho. Wajapani wa kyotei wana kanuni kali kuliko yetu: lazima uvuke ndani ya sekunde 1 baada ya sifuri, si kabla wala si baada ya hapo.

Fanya hesabu uone uzito wake. Maili 60 kwa saa ni kama mita 27 kwa sekunde. Nusu sekunde ni zaidi ya mita 13, urefu wa boti nne zikifuatana. Hakuna injini utakayonunua itakayokupa mita 13 kabla ya kona ya kwanza.

Sasa jinsi ya kujifunza. Siku ya mazoezi chagua alama isiyohama, kwa mfano boya la mwisho la kona inayotazamana na mstari. Msaidizi akae ufukweni na saa ya mkononi, wewe upite hapo kwa mafuta yote mpaka mstarini. Rudia mpaka namba ianze kufanana. Tuseme ni sekunde 9. Basi siku ya mbio kazi yako ni kuwa kwenye boya lile mshale ukisoma 9. Ukifika na 11, punguza mapema na polepole, ungali mbali na wenzako. Ukifika na 7, umechelewa, kubali; usikate njia ya mtu kutafuta sekunde mbili. Pima upya kila asubuhi, maana upepo wa mbele huibadilisha namba hiyo, na hata mafuta yaliyojaa tangini huibadilisha.

Mgeni kwa kawaida huanza nyuma ya kundi, na ni vizuri hivyo. Tumia mbio hizo kuitazama saa na kusikia hesabu yako ilikuwa sahihi kiasi gani.

Hatua ya 7: Siku ya mbio

Fika mapema, boti ikaguliwe, hudhuria kikao cha madereva na usikilize. Bendera nyekundu maana yake mbio zimesimamishwa: punguza, inua mkono ili aliye nyuma yako akuone, na uangalie majini kuna mtu. Shika mstari wako kwenye kona. Huruhusiwi kuingia mbele ya mwenzako mpaka umpite kabisa na kuacha nafasi.

Pointi ni 400 kwa wa kwanza, kisha 300, 225, 169, 127, na kuendelea, kila nafasi ikipata robo tatu ya iliyo juu yake. Kwa kuwa daraja moja hukimbia zaidi ya mara moja kwa siku, wa tatu mara mbili ana 450, na anampita aliyeshinda moja akaondolewa nyingine kwa kuwahi saa.

Hatua ya 8: Ukipinduka

Itatokea. Ukiwa majini inua mkono juu mara moja ili waokoaji na madereva wajue uko sawa, kisha kaa hapohapo ukiwa unaonekana. Usiogelee kuifuata boti. Hata kama hujisikii vibaya, pita kwa wahudumu wa afya kabla ya kugusa spana.

Injini iliyoingia maji haisubiri. Toa plagi, igeuze matundu yatazame chini, vuta kamba mara nyingi mpaka maji yaache kuruka. Mwaga mafuta yote ya tangi na ya kabureta, kausha plagi au weka mpya, mimina oili kidogo ndani ya silinda, vuta tena, jaza petroli mpya iliyochanganywa na oili, halafu iwashe siku hiyohiyo mpaka ipate joto. Ikilala na maji usiku mmoja, beringi zinaanza kutu, na hiyo ndiyo gharama itakayokuuma kuliko ubao wowote utakaopasuka.