Somo: Kuchapa picha kwa ubao, na namna ya kuipunguza mpaka ibaki alama

Ukimwambia mtu achore picha ya alama, atakimbilia njiwa, moyo au mnyororo. Alama hizo zimechoka. Mtazame mchoraji Edvard Munch wa Norway. Mwaka 1895 alichapa Busu kwa bamba la metali: wapenzi wawili uchi, dirisha, mapazia, na mtaa nje. Alipolirudia kwa ubao, kuanzia 1897 hadi 1902, chumba na dirisha vilitoweka na nyuso mbili zikawa moja. Likabaki umbo jeusi, nyuma yake nyuzi za mbao tu.

Hatua 1. Chora tukio lote kwenye karatasi. Kisha ziba kitu kimoja kimoja kwa kidole. Maana ikibaki palepale, kitoe. Usiharakishe hapa, kazi yenyewe ndiyo hii, patasi ni ufundi tu.

Hatua 2. Chukua ubao wa msonobari wenye nyuzi zinazoonekana. Usichonge chochote. Usugue kwa brashi ya waya kufuata nyuzi, sehemu laini zishuke na ngumu zisimame.

Hatua 3. Kwenye ubao wa pili kata umbo lako kwa msumeno mwembamba. Munch alipenda mbinu hii: alikata ubao vipande, akapaka kila kipande rangi yake, akaviunganisha tena na kuchapa kwa mkupuo mmoja.

Hatua 4. Paka ubao wa kwanza wino wa kijivu kwa rola, weka karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Ikikauka, chapa umbo jeusi juu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina plaiwudi tu. Itafaa?
Itafaa, mradi uso wake una nyuzi. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, achana nayo kwa ubao wa kwanza, haina nyuzi kabisa.

Kijivu changu kinatoka kizito, nyuzi hazionekani.
Wino umezidi. Upake mwembamba, mara mbili ikibidi.

Mtazamaji asipotambua kwamba ni busu?
Ndiyo maana Munch hakufuta mikono. Bakiza kitu kimoja cha kumshika mtazamaji, kimoja tu.

Mbona mtu wangu ametokea upande mwingine?
Chapa hugeuza picha. Mchoro wako uhamishie kwenye ubao ukiwa umegeuzwa, hasa kama una maandishi.