Corolla 100 inazunguka stata lakini haiwaki: tafuta umeme kabla ya kununua pampu

Corolla 100 yenye injini ya 5A-FE au 4A-FE ikipiga stata vizuri lakini isiwake, lawama ya kwanza huangukia pampu ya mafuta. Mara nyingi pampu ni nzima, ila umeme hauifikii. Kwa mita ya umeme na kipande cha waya utajua kosa liko upande gani kabla hujang'oa kiti cha nyuma.

Anza na taa ya injini kwenye dashibodi. Fungua swichi bila kupiga stata. Taa isipowaka, na balbu ni nzima, basi kontroli boksi (kompyuta ya injini) haina umeme: angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) ya ampea 15 na rilei kuu ya EFI, yaani swichi inayofungwa na umeme. Fyuzi ipime kwa mita pande zote mbili, macho hudanganya. Fyuzi mpya ikiungua ukifungua swichi au ukipiga stata, chomoa soketi ya pampu ujaribu tena. Isipoungua, pampu imekwama au imepiga shoti ndani. Ikiungua bado, kuna waya umechubuka na unagusa bodi. Wanaoweka fyuzi ya 30 wanauhamishia moto waya.

Taa ikiwaka, tafuta chini ya boneti kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Majina ya matundu yamechapwa ndani ya kifuniko. Unganisha +B na FP kwa waya mfupi, kisha fungua swichi. Hapo umeiruka rilei ya pampu, na pampu inatakiwa kulia mfululizo. Shika mpira wa mafuta karibu na chujio, utasikia msukumo kwenye vidole. Soma matundu kwa makini: +B ikigusana na E1 (tundu la ethi, yaani hasi) ni shoti, na fyuzi inaondoka.

Pampu ikilia na gari likawaka, kosa liko kwenye rilei ya pampu au amri inayoifikia. Rilei hiyo, iliyofichwa ndani chini ya dashibodi, ina koili mbili. Ya kwanza hupata umeme stata inapozunguka. Ya pili hushikiliwa na kontroli boksi kupitia waya wa FC, mradi inaona mizunguko ya injini kutoka kwenye distributa (kigawa cheche za plagi). Ndiyo maana gari linalowaka stata ikizunguka, kisha likazima ukiachia funguo, humwelekeza fundi kwenye koili ya pili au waya wa FC. Fungua swichi, gusisha FC kwenye bodi: rilei nzima italia "ta". Kama cheche za plagi nazo hazipo, achana na mafuta. Kwenye kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha TE1 na E1, fungua swichi, usome taa ya injini ikipepesa. Kodi 12 (mpepeso mmoja, kisha miwili) inamaanisha ishara ya distributa haifiki.

Pampu isipolia, hakikisha kwanza tundu la +B lina volti 12. Kisha chomoa waya wa betri, ng'oa kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha pampu, acha milango wazi mvuke utoke, ndipo urudishe betri. Sigara na taa ya majaribio yenye balbu moto zikae mbali.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanachomoa soketi, wanapima, wanaona volti 12 na kuihukumu pampu. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha volti 12 pia, mpaka utakapobebeshwa kazi. Pima soketi ikiwa imechomekwa na waya wa +B na FP bado upo, ukichomeka ncha za mita kwa nyuma. Pima kutoka chanya ya betri hadi chanya ya pampu, halafu kutoka hasi ya pampu hadi hasi ya betri. Upande unaoonyesha zaidi ya nusu volti una kiungo kibovu. Ukiwa wa hasi, fuata waya wa ethi hadi kwenye bodi, kwangua kutu kwa msasa na kaza skrubu. Ukiwa wa chanya, tafuta kwanza alamu au kifaa cha kufuatilia gari: wafungaji hukata waya wa pampu ili kuweka rilei yao, kisha huunga kwa kusokota na tepu nyeusi tu. Unga upya kwa risasi ya kulehemu, au rudisha waya wa awali.

Volti zikiwa sawa pande zote na pampu ikawa kimya, gonga tenki kwa nyundo ya mpira. Ikiamka, brashi zake zimeisha na itazima tena barabarani. Hapo ndipo pa kununua. Kuendesha kila siku taa ya onyo la petroli ikiwa imewaka huharakisha hali hiyo, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu.

Ikilia vizuri na gari bado haliwaki, funga geji ya presha: mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, tarajia takriban bar 2.7 hadi 3.