Pangaboi na taa kwenye swichi moja: hesabu nyaya kwanza

Nyumba nyingi za kupanga huku Marekani zina pangaboi lenye taa chini yake, na ukutani swichi ni moja tu. Ukiwasha, vinawaka vyote viwili. Ukizima taa ulale na upepo, pangaboi nalo linasimama. Sisi tuliozoea regyuleta ukutani, ya namba moja hadi tano, tunabaki tumesimama mlangoni tunapapasa ukuta.

Dawa ya bure ni vile vikamba viwili vinavyoning'inia. Acha swichi ikiwa imewashwa, kisha kamba moja itumie kwa taa na nyingine kwa mwendo. Kwa wengi inatosha. Ila kama unaishi na mama yako ambaye magoti yanamsumbua, kumwambia ainuke usiku wa manane avute kamba gizani si haki.

Kabla hujanunua chochote, zima breka ya chumba hicho, pima kwa testa, kisha teremsha kile kikombe kinachofunika maungio darini. Hesabu nyaya zinazotoka kwenye dari.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana rangi tulizozizoea zinaweza kukuua. Kwetu Tanzania, kwenye nyumba za zamani, waya mwekundu ndio wenye moto, yaani unaoleta umeme, na mweusi ni nyutro, yaani unaourudisha. Kwenye nyumba mpya wa kahawia una moto, wa bluu ni nyutro. Marekani mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, wa kijani au shaba tupu ni ethi, yaani wa usalama. Waya wa bluu unaotoka kwenye pangaboi kwa kawaida ni wa taa. Siku ya kwanza nilipofungua langu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mweusi, moyoni nikisema huu ni nyutro. Kilichoniokoa ni breka niliyokuwa nimeizima. Hata mweupe usiuamini bila kupima: katika nyumba za zamani huweza kuwa ndio uliopeleka moto kwenye swichi.

Ukikuta waya mwekundu umefunikwa kofia na kukunjwa pembeni, na mwekundu huohuo uko pia kwenye boksi la swichi, una bahati. Fundi atauunga na ule wa bluu, mweusi utabaki wa pangaboi, na swichi itabadilishwa kwa ile ya vitufe viwili inayoingia kwenye boksi lilelile.

Ukikuta mweusi, mweupe na ethi tu, usipasue ukuta. Tafuta rimoti yenye kipokezi kinachojificha ndani ya kikombe, ya volti 120. Mweusi na mweupe wa darini vinaingia upande mmoja. Upande wa pili unatoka mweusi wa mota, wa bluu wa taa, na mweupe wao. Kamba ya mwendo iache kwenye kasi ya juu kabisa, kamba ya taa iwe imewashwa, na swichi ya ukutani usiizime tena, la sivyo rimoti haitafanya kazi. Kwenye maghorofa badilisha namba ya siri (code) ya rimoti, jirani asije akakuzimia taa. Pangaboi la mota ya DC lina kipokezi chake, usiliwekee kingine.

Usiweke dima ya taa, ile swichi ya kupunguza mwanga, kwenye pangaboi: mota inanguruma, inapata joto, na moto unaweza kuzuka. Na regyuleta ya Kariakoo iache hukohuko, imetengenezwa kwa volti 220 hadi 240.

Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba kwanza. Sehemu nyingi mpangaji haruhusiwi kugusa nyaya, na kazi hii hupewa fundi mwenye leseni. Akimaliza, kabla hajarudisha kikombe, mwombe avute kila ungio kidogo mbele yako. Likichomoka, lifungwe upya kabla breka haijawashwa.