Mambo ya kuzingatia kabla hujaenda kutembea Dovedale

Kila msimu wa joto ukianza Uingereza, kwenye magrupu ya WhatsApp lazima mtu aposti picha za Dovedale, lile korongo lenye miti kwenye mpaka wa Derbyshire na Staffordshire, mto Dove unapita katikati na pembeni miamba ya mawe ya chokaa imesimama juu ya miti. Kila mtu anasema ni matembezi mepesi, na ni kweli, njia inafuata mto na milima hupandi kama hutaki. Ila wepesi wake unategemea maji, na hili ndo watu wengi hawaambiwi kabla hawajajaza watoto kwenye gari.

Kwa hiyo kitu cha kwanza angalia mvua, na sio ya siku hiyo tu, angalia na ya siku mbili tatu zilizopita, maana jua linaweza kuwaka asubuhi nzuri kabisa kumbe mto bado umejaa. Yale mawe maarufu ya kuvukia, ambayo yaliwekwa pale enzi za Malkia Victoria kwa ajili ya watalii, mto ukipanda yanafunikwa. Ukikuta maji yamepita juu yake usivuke, hata kama kuna watu unaowaona wanavuka, na usimshike mtoto mkono ukidhani mtasaidiana, mkiteleza mnaenda wote. Karibu na pakingi kuna daraja dogo la miguu, vukia hapo upite chini ya kilima cha Thorpe Cloud, njia ya upande ule ina mawe mawe lakini utafika salama. Ukiyapita mawe ya kuvukia, huko mbele kuna sehemu korongo linabana kabisa na njia inapita ukingoni kabisa mwa mto, sasa mvua ikiwa imenyesha sana bora mpange siku nyingine.

Viatu jamani. Jiwe la chokaa likikanyagwa na watu miaka na miaka linang'aa, na likilowa linateleza kama sabuni. Raba zenye soli iliyolika ziache nyumbani, sandozi ndo kabisa usifikirie. Buti za kutembelea zenye meno zinatosha, au hata raba nzuri yenye grip, pamoja na soksi za ziada kwenye gari. Pango la Reynard, lile lenye tao la jiwe mbele yake, watoto watataka kulipanda, na kale kanjia ka kupandia ni kakali na kanateleza hata siku kavu, mimi naona litazameni kutoka chini inatosha.

Umbali nao watu wanauchanganya. Kutoka pakingi hadi mawe ya kuvukia ni karibu tu, njia ya upande wa lami hata kigari cha mtoto kinapita. Lakini kwenda hadi kijiji cha Milldale ni kama kilomita 5, kurudi 5 nyingine, na katikati kuna ngazi za kupanda mwamba wa Lover's Leap, kwa hiyo kigari kiishie kwenye mawe, baada ya hapo mtoto abebwe mgongoni kwa kanga. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na ndani ya korongo giza linawahi zaidi, basi wakati wa baridi anzeni asubuhi na mbebe tochi.

Kuhusu miti, mingi pale ni ile Waingereza wanayoiita ash, na kuna ugonjwa wa kuvu unaiua, inakauka na kudondosha matawi, National Trust, shirika la hisani linalosimamia eneo hilo, wamekuwa wakiikata iliyo karibu na njia. Inauma kuona, ila siku ya upepo mkali usiende, na ukikuta njia imefungwa usiruke kizuizi. Suruali ndefu ni muhimu kwa sababu ya kupe wa kwenye majani, wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, mkirudi kagueni miguu na nyuma ya magoti ya watoto.

Simu korongoni ni ya kubahatisha, pakua ramani ukiwa bado nyumbani na mwachie mtu ujumbe mnaenda wapi na mnatoka saa ngapi. Mtu akivunjika mguu piga 999, namba ya dharura ya Uingereza, omba polisi kwanza halafu waambie unahitaji mountain rescue, yaani waokoaji wa milimani. Unaweza pia kusajili namba yako mapema kwa kutuma neno register kwenda 999, siku mtandao ukiwa dhaifu meseji inaweza kupita pale simu inapogoma.

Chakula bebeni chenu na maji ya kutosha, jiko la mkaa msibebe, nyasi zikikauka moto hauna breki. Wikendi na benki holide (sikukuu za kitaifa) pakingi inajaa mapema, wahini. Na kwa asiye na gari, treni unashukia Derby, unachukua basi hadi Ashbourne, halafu bado kilomita kama 7, kwa hiyo pangeni teksi ya kwenda na ya kurudi kabla hamjaondoka.