Viambishi Tamati vya Udogo katika Kigiriki cha Leo: Somo kwa Hatua

Mswahili anayetaka kuidogosha nomino huigusa mwanzoni, mlango ukawa kilango. Mgiriki huigusa mwishoni.

Hatua ya kwanza: anza na -áki, kiambishi kinachotumika zaidi. Ondoa irabu ya mwisho, utie kiambishi, na mkazo uuweke kwenye a yake ya kwanza: spíti (nyumba) huwa spitáki, na neró (maji) huwa neráki. Nomino ambayo wingi wake huongeza d huitumia d hiyo hapa pia, ndiyo maana kafés (kahawa), ambayo wingi wake ni kafédes, huzaa kafedáki.

Hatua ya pili: badilisha jinsia. O kafés ni ya kiume (o ni neno dogo linalotangulia nomino ya kiume, na to hutangulia ya jinsia ya kati), lakini ikipata -áki huhamia jinsia ya kati, to kafedáki, na vivumishi huifuata huko, kama vile mlango unavyoihama ngeli ya U-I na kuingia KI-VI unapokuwa kilango.

Hatua ya tatu: jifunze -oúla na -ítsa, ambavyo huibakiza nomino katika jinsia ya kike: várka (mashua) huwa varkoúla, óra (saa) huwa orítsa.

Nasisitiza jambo moja: udogo huu si kipimo tu. Mwenyeji wa Athens akikuuliza kama utakunywa kafedáki, kikombe hakijapungua. Anakukirimu kwa upole. Kwetu kijitu ni dharau, kwa hiyo tusiihamishie dharau hiyo katika Kigiriki.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nitasemaje "ya kijumba", kwa maana ya umiliki?
Nomino za -áki hazitumiki katika umbo la umiliki la umoja. Rudi kwenye nomino ya asili useme tou spitioú.

Je, jina la ukoo kama Mitsotakis lina kiambishi hiki?
Ndiyo, ndugu yangu. -ákis ni umbo la kiume la udogo, na majina ya namna hiyo yamejaa hasa katika kisiwa cha Krete.

Nimesikia kwamba hata neno Biblia lina udogo ndani yake. Ni kweli?
Ni kweli. Asili yake ni biblía, wingi wa biblíon, lililokuwa udogo wa bíblos kwa kiambishi cha kale -íon. Kiambishi hicho kilichakaa: paidíon, "mtoto mdogo", likabaki paidí, yaani mtoto tu, na Wagiriki wakalidogosha upya kuwa paidáki.