Darasa la Mazoezi au Mkufunzi Binafsi: Jinsi ya Kuamua Kabla ya Kulipa

Anayetaka kuanza mazoezi katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hukutana mapema na swali la fedha: ajiunge na darasa la pamoja la aerobiki, zumba au yoga, au amlipe mkufunzi amsimamie peke yake? Wengi hulijibu kwa kulinganisha bei tu, ilhali huduma hizi mbili haziuzi kitu kimoja. Mkufunzi binafsi anauza ujuzi na macho yake, na darasa linauza ratiba, wenzako na mori wa kufika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize ni kipi hasa unachokikosa.

Aliyewahi kucheza mpira au kukimbia, anayejua kupasha mwili moto, lakini akashindwa kila mara kuendelea baada ya wiki chache, anahitaji watu wanaomsubiri kuliko anavyohitaji mwalimu. Huyo darasa linamfaa, na pengine hana haja ya kulipa ada kubwa, kwa kuwa Dar es Salaam ina vikundi vingi vya jogging vya mitaani vinavyokusanyika alfajiri mwishoni mwa juma. Hali ni tofauti kwa anayetaka kunyanyua vyuma bila kuwahi kufundishwa, anayerejea mazoezini baada ya kuumia goti au mgongo, au mama aliyejifungua karibuni. Hao wanahitaji mtu wa kutazama wanavyosimama, wanavyochuchumaa na wanavyopumua, na kazi hiyo darasa kubwa haliwezi kuifanya vizuri. Katika darasa la saa moja lenye watu 20, hata kama mwalimu angeacha yote mengine akawa anasahihisha tu, kila mmoja angepata dakika 3.

Mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo, na vilevile mjamzito, aanze kwa daktari. Sukari ya anayetumia insulini inaweza kushuka wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, na zipo dawa za presha zinazozuia mapigo ya moyo yasipande, kiasi kwamba kupima juhudi kwa mapigo hayo kunapotosha. Mkufunzi anayeifahamu kazi yake atakuuliza kuhusu maradhi, dawa na majeraha ya zamani kabla hujashika chuma chochote. Asipouliza, tafuta mwingine, hata kama mwili wake mwenyewe unavutia.

Suala la bei lije baada ya hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Kikao kimoja cha mkufunzi kwa wiki hakifikishi kiwango hicho, na wachache wanaweza kulipia vikao vinne au vitano. Muulize basi mkufunzi, kama utakavyomuuliza mwalimu wa darasa, siku nyingine utafanya nini, na usikilize kama ana jibu. Kisha gawanya ada ya mwezi kwa idadi ya siku utakazofika kweli, ukiondoa siku za mvua, za foleni, za safari za kikazi, na kwa anayefunga, siku za Ramadhani ambazo saa ya darasa haitamfaa. Ongeza nauli. Katika majimu mengi malipo ya mkufunzi ni juu ya ada ya uanachama, kwa hiyo ulizia yote mawili kwa pamoja.

Kwa mtu asiye na maradhi wala jeraha, na mwenye kipato cha kawaida, ushauri wangu ni kuchanganya. Lipia vikao vichache vya mkufunzi mwanzoni, umwambie wazi kwamba unataka kujifunza kuchuchumaa, kuinua mzigo kutoka sakafuni, kusukuma na kuvuta, pamoja na namna ya kuongeza uzito kidogo kidogo. Baadaye hamia darasani au fanya peke yako, ukirudi kwake mara moja moja kusahihishwa. Mkufunzi anayekataa mpango huo na kusisitiza ulipe miezi 6 mara moja anatanguliza mapato yake.

Jihadhari pia na anayekuahidi kuondoa kitambi kwa mazoezi ya tumbo pekee, kwani mwili hauchomi mafuta mahali unapopachagua, na anayekuuzia virutubisho tangu siku ya kwanza. Kwa darasa, omba kuhudhuria mara moja kabla ya kulipia mwezi, uone kama mwalimu anazunguka na kuwapa wanaoanza zoezi jepesi zaidi. Mwanamke ana haki ya kuuliza mapema kama kuna saa za wanawake peke yao, kama kuna mkufunzi wa kike, na kama mkufunzi huomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu anapomrekebisha.

Yote mkikubaliana, yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: idadi ya vikao, tarehe ya mwisho ya kuvitumia, itakuwaje ukiugua au yeye asipofika, na kama fedha hurudishwa. Tunza risiti au ujumbe wa muamala. Andika pia daftarini uzito unaonyanyua, muda unaotembea au kukimbia, na siku ulizofika. Baada ya miezi 2 lisome daftari hilo: kama ulifika lakini uzito na muda havijasogea, mahali pa kuongeza fedha ni kwa mkufunzi; lakini kama vilikuwa vinasogea kila ulipofika, ila siku zenyewe ni chache, lipia darasa lililo karibu na nyumbani au kazini.