Namna ya kulinganisha dubu na popo wetu wa Pemba

Watoto wa skuli wakipewa swali hili wengi wanakimbilia ukubwa na umbo, huyu mkubwa yule mdogo, huyu anaruka yule anatembea, jibu limeisha na maksi zimepotea. Jamani anzeni na yale yanayowafanya wote wawili mamalia, tofauti zitakuja zenyewe.

Kwanza chagua spishi, usiandike dubu tu, maana dubu wako aina 8, na popo ndo usiseme, zaidi ya 1,400. Mie nachukua dubu wa kahawia, wa huko Urusi na Alaska, na popo wa Pemba mwenyewe, Pteropus voeltzkowi, ambae dunia nzima hayupo ila kisiwani kwetu.

Halafu ingia kwenye uzazi na maziwa. Dubu jike ana chuchu 6, anazaa ndani ya shimo lake katikati ya baridi kali, mtoto nusu kilo tu, ananyonya humo humo na mama mwenyewe hali kitu miezi hiyo. Popo jike chuchu 2 tu, ziko karibu na kwapa, na kitoto chake akiwa mchanga anaruka nacho kimemng'ang'ania kifuani.

Kwenye mkono ndo patamu, hapa usipite mbio. Nenda Kidike, msitu wanakolala popo hawa huku Pemba, mchana wa jua, kaa kimya umtazame popo anavyojipepea na bawa moja, utaona mifupa ya vidole imepita ndani ya ngozi kama njiti za mwamvuli. Vidole 5, gumba limebaki nje na kucha yake, ndo anajishikia nalo akitambaa kwenye tawi. Sasa fungua kwenye simu picha ya mguu wa mbele wa dubu, 5 vile vile, ila vifupi vinene na kucha ndefu za kuchimbia mizizi. Ichore yote miwili pamoja, kila kidole ukipe namba, mwalimu akiona mchoro huo hana la kukuuliza.

Chakula kiandike kwa ufupi: dubu yumo kwenye kundi la wala nyama lakini anakula mpaka matunda na mizizi, popo wetu ni matunda, na anayatafuta kwa macho na pua, sio kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake kama wale vipopo wadogo wa darini, hapa wengi sana wanakosea.

Na ukiwa Kidike usirushe jiwe waruke ili upate picha, wengine wana watoto kifuani.